Sauti ya Hewa Iingiayo

Katika mambo mengi ambayo vijana wa miji yetu huyatenda juu ya magari yao, tangu vioo vya giza na magurudumu mapana mpaka taa za zambarau zilizofichwa chini ya milango, liko moja ambalo wazee huliona upuuzi mtupu na vijana huliona elimu, nami, ambaye kwa umri ni wa wazee na kwa sikio sina hakika kuwa ni wao, nimelitafakari kwa muda kwa kuwa naona pande zote mbili hazijalitendea haki. Jambo hilo ni desturi ya kuling'oa lile boksi jeusi la plastiki lililoko chini ya boneti, ambalo mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, huliita nyumba ya eya klina, na kutia mahali pake bomba la alumini linalong'aa, ambalo mwishoni lina chujio la wazi lenye umbo la pia, jekundu aghalabu, lisilo na kifuniko wala stara.

Mwenye gari akiulizwa kwa nini amefanya hivyo hujibu kuwa anatafuta nguvu. Humjibu hivyo fundi, humjibu hivyo mkewe anapouliza fedha zimekwenda wapi, na nafsi yake pia huijibu hivyo hivyo. Mimi nadhani mara nyingi hasemi kweli, wala si kwa nia ya kudanganya: anatafuta sauti, na anaona haya kukiri kuwa amelipa fedha nzuri kwa ajili ya sikio, maana katika zama zetu hizi mtu husamehewa kununua kila kitu chenye manufaa, hata kama manufaa yenyewe ni ya kubuni, lakini hasamehewi kununua ladha.

Tuitazame kwanza hiyo nguvu. Watu husema kuwa gari hula mafuta, na ni kweli, lakini katika mlo wa injini mafuta ni kitoweo tu, na hewa ndiyo wali wenyewe. Kila gramu 1 ya petroli hudai takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote bila kubakisha. Ukiigeuza hesabu hiyo kuwa ujazo utakuta kwamba lita 1 ya petroli haiunguzwi sawasawa ila kwa lita zipatazo 9,000 za hewa. Tangu Nikolaus Otto alipoikamilisha huko Ujerumani, mwaka 1876, injini yake ya mipigo minne, kanuni haijageuka: pistoni hushuka na kuvuta hewa, hupanda na kuibana, cheche huruka na mlipuko ukaishusha kwa kishindo, kisha hupanda tena kuufukuza moshi. Katika mipigo hiyo minne ni mmoja tu uletao nguvu, nao hauna uwezo wa kutoa zaidi ya kile ambacho mpigo wa kwanza ulikwisha kuingiza. Kuongeza mafuta si kazi, kwani pampu iko na tundu la kunyunyizia liko. Kuongeza hewa ndiyo mashaka, kwa sababu katika injini isiyo na tabo hakuna kitu kinachoisukuma hewa iingie isipokuwa uzito wa anga lenyewe, ambalo hutulemea sote sawasawa, tajiri na maskini, kwa shinikizo la kilopaskali 100 hivi katika usawa wa bahari.

Nina mpwa wangu, kijana mwenye adabu na kazi yake, ambaye ana Toyota Altezza, gari lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1998 na ambalo, baada ya kuchakaa kwa wenyewe kwa kiasi cha kuridhisha, limefika kwetu kwa wingi na kupendwa na vijana wa Dar es Salaam kwa mapenzi ambayo watengenezaji wake sidhani kama waliyatazamia. La kwake ni lile la gia za mkono, lenye injini ya lita 2 na silinda 4, ambayo kwa maelezo ya kiwanda, wakati wa upya wake, ilitoa nguvu za farasi 210 ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Injini ya ukubwa huo hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo ikiwa katika mwendo wake wa juu huvuta kiasi cha lita 7,600 kila dakika. Na kwa kuwa mtu aliyeketi bila kazi huvuta lita 6 hadi 8 tu kwa muda huo, gari la kijana mmoja, akilikanyaga hadi mwisho, huvuta pumzi ya watu elfu moja. Pumzi yote hiyo hupita katika karatasi ya kuchujia iliyokunjwakunjwa isiyozidi sana ukubwa wa daftari la shule.

Kwa nani basi haitakuwa dhahiri, akiitazama karatasi ile, kuwa hapo ndipo gari linaposongwa koo? Hoja hii ina sura nzuri, na ndiyo maana imewauzia watu mabomba mengi tangu mwaka 1969, wakati kampuni ya K&N ilipoanzishwa huko California na baadaye kuyapeleka machujio yake ya pamba yenye mafuta duniani kote. Walakini sura nzuri si ithibati. Karatasi ile imekunjwa kwa makusudi, ili eneo dogo libebe uso mkubwa, na ikiwa safi haiizuii hewa sana. Pamoja na boksi lake na bomba lake, hasara yake injini inapovuta kwa ukomo huwa aghalabu kilopaskali chache tu, tuseme 2 au 3, katika zile 100 ambazo anga hutupa bure. Hata ukiviondoa vyote, ukaiacha injini mdomo wazi barabarani, huwezi kupata zaidi ya kile kilichokuwa kimezuiwa: sehemu 2 au 3 katika 100, yaani farasi 4 hadi 6 kati ya wale 210, ambao baadhi yao, kwa gari la umri ule, walikwisha kujifia zamani. Nao farasi hao wachache huonekana tu pedeli ikiwa imelala sakafuni. Mtu aliye katika foleni ya Barabara ya Nyerere asubuhi, asogeaye kidogo na kusimama sana, ameufunga mlango wa hewa kwa mguu wake mwenyewe, kwani kile kibati chembamba kinachofunguliwa na pedeli, kikiwa kimefunguka robo tu, huzuia hewa maradufu kwa maradufu kuliko chujio lolote liwalo, hata lile ambalo halijabadilishwa tangu gari liliposhuka melini.

Nisieleweke kuwa naidharau hewa. Watu wenye elimu kubwa kuliko yangu wameithamini hata wakaihatarishia heshima yao. Mwaka 1995, katika mashindano ya dunia ya rali, sheria iliagiza kuwa magari yenye tabo yavute hewa yake yote kupitia tundu lenye kipenyo cha milimita 34. Kipimo hicho kina hekima ndani yake, maana hewa ipitayo penye wembamba huongeza mwendo kadiri inavyovutwa, lakini ikishafikia mwendo wa sauti haiongezi tena, hata injini ivute kwa hamaki ya namna gani. Hivyo anayeshika upana wa tundu ameshika nguvu ya gari zima, bila haja ya kuifungua injini. Katika rali ya Catalunya ya mwaka huo wakaguzi walikuta kuwa kifaa hicho, katika magari ya Toyota Celica, kimeundwa kwa ustadi ambao hata waliouhukumu walishindwa kutoustaajabia: kikiwa kimefungwa mahali pake kilisogea kidogo na kupenyeza hewa ya ziada pembeni mwa tundu, na kikifunguliwa kwa ukaguzi kilirudi katika hali yake halali kana kwamba hakijatenda lolote. Timu ikanyang'anywa pointi zake zote na kufungiwa miezi 12. Lakini angalia tofauti: katika magari yale lango la hewa ndilo lililokuwa kizuizi cha kweli, limewekwa hapo na sheria kwa kusudi la kuzuia, na kila nyuzi ya upenyo ilihesabika, bali katika gari la mpwa wangu kizuizi kiko penginepo, katika upana wa valvu, katika muda ambao valvu hizo hukaa wazi, na katika kompyuta iliyokwisha kuamua mafuta na cheche kabla yeye hajaamua lolote.

Liko na jambo la joto, nalo ndilo ambalo kwa watu wa pwani lingepaswa kutangulia mengine yote. Hewa ya moto ni nyepesi, na wepesi wake maana yake ni kuwa ndani ya silinda ile ile huingia hewa kidogo zaidi. Siku ya kawaida ya Dar es Salaam nje huwa na nyuzi 32. Chini ya boneti ya gari lililosimama foleni, kati ya rejeta na bomba la moshi, joto hufika nyuzi 60 bila kutafutwa, na hewa iliyopashwa kiasi hicho huwa imepoteza takriban sehemu 8 katika 100 za uzito wake. Boksi la kiwanda, pamoja na ubaya wa sura yake, lina mdomo unaochungulia mbele, nyuma ya taa au ya wavu, mahali ambapo upepo haujaonja bado injini. Chujio jekundu lililo wazi hukaa pale pale penye tanuri. Hivyo kijana ameokoa sehemu 3 kwa mkono wa kulia na kupoteza 8 kwa mkono wa kushoto, naye huku akishangilia, kwa sababu hasara haina sauti na faida inayo. Dereva wa lori aliyepanda mlima Kitonga na kuendelea hadi Mbeya, penye mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni pungufu kwa takriban sehemu 15 katika 100 kuliko ile aliyoiacha bandarini, hajasoma hesabu hizi lakini anazijua kwa mguu wake; mwulize kama kuna bomba la kung'aa linaloweza kumrudishia upungufu ule, atakujibu kwa kicheko.

Kwa nini basi gari lililofunguliwa hivyo lionekane kwa mwendeshaji wake kuwa limepata uhai? Hapa ndipo wazee wenzangu wanapokosea, maana wao hukata shauri upesi kuwa kijana amedanganyika. Hajadanganyika kabisa. Amesikia kitu ambacho kipo, ambacho siku zote kilikuwapo, na ambacho watu wenye akili nyingi walilipwa mishahara wakizuie kisimfikie.

Injini ya silinda 4 iendayo mizunguko 3,000 kwa dakika huvuta pumzi mara 100 kwa sekunde, na kwa mizunguko 6,000 mara 200, na kila pumzi hutuma mshindo mmoja wa kurudi nje kupitia bomba lile lile ambalo hewa inaingilia. Mishindo hiyo ikifuatana hivyo haiwi mishindo tena bali huwa sauti, nzito mwanzoni, ikipanda kwa kadiri ya mzunguko. Mjerumani Hermann von Helmholtz, ambaye alikuwa tabibu kabla ya kuwa mwanafizikia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1863 juu ya hisia za sauti jinsi chombo chenye tumbo na shingo kinavyoitikia sauti moja tu na kuziacha nyingine zipite, kwa mujibu wa ukubwa wa tumbo lake na urefu na upana wa shingo yake. Wahandisi wa magari waliichukua kanuni hiyo wakaitumikisha kinyume: pembeni mwa bomba la hewa huweka tumbo la plastiki lisilo na mlango wa kutokea, ambalo kazi yake ni kuimeza sauti ile moja inayoudhi. Vijana hulikuta tumbo hilo, huligeuza huku na huku, huona kuwa halipitishi kitu wala halichuji kitu, hukata shauri kuwa kiwanda kilikosea, na hulitupa. Wakiwasha gari, ile sauti iliyokuwa imefungwa humo huwa imefunguliwa.

Wala ukimya ule haukuwa matakwa ya wahandisi peke yao. Mwaka 1970 sheria ya Jumuiya ya Ulaya iliweka ukomo wa makelele ya gari dogo lipitalo kwa kuongeza mwendo kuwa desibeli 82. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ukomo ulikuwa umeshushwa hadi 74, na kwa hesabu ya desibeli ilivyo, punguzo hilo la 8 maana yake ni kuwa nishati ya sauti iliyoruhusiwa imekuwa kama sehemu moja ya sita ya ile ya kwanza. Miji ililala vizuri zaidi, na mimi ni miongoni mwa waliofurahi. Lakini sheria iliyoandikwa kwa ajili ya usingizi wa mtu aliye dirishani ilimnyima pia aliyeko nyuma ya usukani kitu alichokuwa akikitumia, na hiki si kitu cha starehe tu.

Kwani sauti ya moshi na sauti ya hewa iingiayo si moja, ingawa mtu aliye kando ya barabara huzichanganya. Ya moshi hutokea nyuma na ni mali ya mtaa; humfikia mgonjwa, mtoto mchanga na msikiti, na mwenye gari mwenyewe huiacha nyuma yake kama aliyetupa taka dirishani akaenda zake. Ya hewa hutokea mbele, chini ya boneti, karibu na magoti ya dereva, na tabia yake ni kuufuata mguu: mlango wa hewa ukiwa umefungwa, hunyamaza kabisa, ukifunguliwa kidogo, hunong'ona, ukifunguliwa wote, hunguruma. Haitangazi gari lilivyo bali hutangaza dereva anachodai kwa wakati ule, kiasi gani na kwa haraka gani, na kwa hiyo ni jibu, na mtu anayejibiwa huendesha kwa adabu zaidi kuliko anayezungumza na kiziwi. Zamani, kabla ya saa ya mizunguko kuwekwa katika kila gari, watu walibadili gia kwa sikio, na wako mpaka leo madereva wa mabasi ya mikoani ambao hawaitazami saa hiyo asilani. Ndiyo maana nasema kuwa kama kijana lazima afungue kitu, heri afungue pua ya gari kuliko mkia wake. Na mafundi wanaokata mofla kwa gurainda ili kumfurahisha mteja mmoja na kuwaudhi majirani mia moja, hao sina neno jema la kuwaambia.

Tena nguvu na sauti hazikuwa wageni kwa kila mmoja. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliuza magari ambayo mabomba yake ya kugawia hewa yalikuwa marefu kupita desturi, inchi 30 hivi, yakivuka juu ya injini kutoka upande mmoja hadi mwingine. Na jina ambalo tawi lake la Plymouth liliyapa, SonoRamic, lilitangaza waziwazi kuwa hapa sauti imefanywa mtumishi. Siri ilikuwa katika urefu: wimbi lizaliwalo valvu inapofanya kazi yake husafiri ndani ya bomba kwa mwendo wa sauti, takriban mita 340 kwa sekunde, likafika mwisho, likageuka, likarudi, na urefu ukiwa umepimwa sawasawa, hurudi kwenye valvu wakati ule ule ambapo iko wazi, likaisukumiza ndani hewa ambayo bila ya wimbi hilo isingeingia. Bomba refu huafikiana na mwendo mdogo wa injini, na fupi na mwendo mkubwa. Huo ni ushahidi kuwa mtu anayetega sikio kwenye hewa ya injini hajatoka nje ya elimu. Lakini mabomba hayo ni yale yaliyo baada ya mlango wa hewa, yanayoelekea kwenye silinda moja moja. Lile la alumini linalouzwa madukani liko kabla ya mlango huo, na mawimbi yanapolifikia huwa yamekwisha kuchoka. Husikika, ila hayasukumi.

Kampuni iliyoelewa jambo hili kwa undani kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Yamaha, na sishangai, kwani asili yake ni kinanda: Torakusu Yamaha alitengeneza kinanda chake cha kwanza cha mvukuto mjini Hamamatsu mwaka 1887, na kinanda cha namna hiyo ni nini kama si hewa ipitishwayo kwa nidhamu penye wembamba? Tawi lake la pikipiki, lililojitenga mwaka 1955, ndilo lililoshirikiana na Toyota katika kichwa cha injini ile ile ambayo mpwa wangu anaivua boksi. Na Toyota ilipotaka kuunda gari lake la kifahari la Lexus LFA, ambalo yalitoka 500 tu kati ya mwaka 2010 na 2012, iliwaendea tena watu wa Yamaha, na safari hii hata wale wa vinanda waliketi mezani, wakashauri jinsi sauti ya hewa iingiayo katika injini ya silinda 10 ipitishwe kwa njia maalumu mpaka ndani ya behewa la abiria. BMW nao, mwaka 2003, waliitilia M3 CSL boksi kubwa la nyuzi za kaboni, ambalo pamoja na mabadiliko mengine liliongeza nguvu za farasi kutoka 343 hadi 360, na ambalo wenye magari hayo husifu sauti yake kwanza na nguvu zake baadaye. Miaka minane ikapita, na kampuni ile ile ikatoa M5 ambayo, kwa kuwa behewa lake limezibwa vizuri mno na tabo zimeimeza sauti yake, humpigia dereva mlio wa injini kupitia spika za redio. Hapo mimi husimama upande wa kijana wa Gerezani na bomba lake la bei nafuu. Lake linavuma kwa sababu hewa inapita. Lile linaimba kwa sababu limeagizwa kuimba.

Kwa habari ya vumbi sitasema mengi, kwa kuwa kila aliyekwenda shamba na kurudi amekwisha kuliona ndani ya masikio yake. Chembe za mchanga zipenyazo chujio husaga kuta za silinda, na injini iliyosagwa huanza kula oili kabla mwenyewe hajajua. Chujio la pamba huyategemea yale mafuta yaliyopakwa. Likikauka, hulinda kwa jina tu, na likitiwa mafuta kupita kiasi, mafuta hayo huvutwa na kuganda juu ya ule uzi mwembamba wa moto ambao katika magari mengi huipimia kompyuta hewa iingiayo, na gari likaanza kusitasita bila sababu inayoonekana. Chujio la karatasi, kwa ajabu yake, huchuja vizuri zaidi likishaanza kuchafuka. Watu wa zamani walikuwa na lao, bakuli la oili lililokaa juu ya Land Rover na matrekta, ambamo hewa ilipinda ghafula na vumbi likashindwa kupinda nayo, likazama. Lilikuwa zito, likimwagika oili hovyo, na lilikuwa kimya kama kaburi. Ama ile tabia ya kuchomoa eya klina ya karatasi kila mara na kuipuliza kwa kompresa mpaka ikachanika, hiyo imeua injini nyingi kuliko mabomba yote ya alumini, na hufanywa na wazee.

Maji ni hatari ya haraka zaidi. Wako waliosoma habari ya joto wakaielewa nusu, wakalipeleka chujio chini kabisa, nyuma ya bampa la mbele, penye ubaridi. Na kweli hewa ya huko ni baridi, mpaka siku Mto Msimbazi unapoamua kupita juu ya barabara pale Jangwani. Gari likiingia katika maji hayo, chujio huvuta maji badala ya hewa, na kwa kuwa maji hayabaniki, pistoni inayopanda huyagonga kama iliyogonga mwamba, na mkono wake hupinda. Mafundi husema kwa ufupi kuwa injini imekunywa maji, na baada ya neno hilo hufuata bei. Angalia pia magari yaliyoshindana Safari Rally katika miaka ya 1990, yakiwa na bomba la hewa lililopandishwa kando ya kioo mpaka usawa wa paa: wale waliokuwa na fedha ya kununua kila kitu walitafuta, kabla ya nguvu na kabla ya sauti, mahali pa juu.

Mpwa wangu aliponijia na gari lake likiwa tayari limefunguliwa, akanipa shikamoo, nikaitika, akanitaka nipande nisikie. Nilipanda. Nakiri kuwa lilikuwa na sauti nzuri, nene bila ukorofi, iliyokuja kutoka mbele kwa kila alipokanyaga, na kwamba nilimwambia akanyage tena. Kisha nikamshauri jambo ambalo hakuna mtu aliyekwisha kulipa hulipenda, nalo ni kupima: tukatafuta barabara iliyonyooka na tupu nje ya mji, mapema kabla ya jua kuchoma, tukahesabu kwa saa muda wa kutoka kilomita 60 hadi 100 katika gia ile ile, kwa bomba jipya na kwa boksi la zamani, ambalo kwa bahati fundi alikuwa hajaliuza. Saa haikuona tofauti. Tukarudia mchana, baada ya gari kukaa foleni, na saa ikaona tofauti, lakini kwa upande ambao kijana hakuutaka.

"Lakini mjomba," alisema, "linaonekana linakwenda zaidi."

"Linaonekana kwa sikio, mwanangu," nikamjibu, "na sikio nalo lina haki yake. Ila usimwambie mkeo kuwa ni nguvu."

Alicheka, nami nikajua ameelewa, kwa kuwa siku ya pili alikwenda kwa fundi akiwa na maagizo ya mtu anayejua anachokitaka. Alitaka chujio lijengewe ukuta wa bati kulitenga na injini. Alitaka mdomo wa bomba upite nyuma ya taa, mahali penye upepo, wala usishuke chini. Boksi la kiwanda lifungwe katika gunia na kuwekwa stoo kwa ajili ya siku ya kuuza gari. Fundi, ambaye alikuwa ameyasema hayo yote tangu mwanzo bila kusikilizwa, aliyapokea kana kwamba ni mapya, akataja bei, wakapatana. Kisha akaokota kutoka pembeni lile tumbo la plastiki lisilo na mlango, akalipangusa vumbi, akauliza kama lirudishwe nalo, maana nafasi ipo na skrubu zake ziko. Na kijana akalikataa kabla swali halijamalizika.